Kabla ya Kuandika: Insha ya Kiingereza Ugenini

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wanachama wetu mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, bwaloni, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Tumeyachapa kama alivyoyaandika.)

Nyinyi vijana mlionyimwa mapumziko yenu ya Jumamosi ili mje kumsikiliza mzee:

Katibu wa chama aliponiandikia kuniomba niseme nanyi, alitaka nizungumze juu ya "masomo ya ng'ambo". Nilimjibu kuwa mambo ya ng'ambo ni mengi, na mengi katika hayo, kama vile baridi na viazi vya kila siku, mtayazoea wenyewe bila hotuba. Nikamwomba ruhusa nizungumze juu ya jambo moja tu, yaani namna ya kujiandaa kuandika insha ya chuo kikuu kwa Kiingereza, mtu akiwa mgeni katika nchi ya watu. Nimelichagua jambo hili kwa sababu ndilo lililokaribia kunirudisha nyumbani mikono mitupu.

Nilisoma hapa tangu 1973 mpaka nilipomaliza kidato cha sita mwaka 1978. Wenzangu mlioketi upande ule mtamkumbuka mwalimu wetu wa historia. Alikuwa akiandika ubaoni kuanzia kona ya juu kushoto mpaka kona ya chini kulia, anafuta, anaanza tena, nasi tukinakili kila neno, pamoja na makosa. Mtihani ulipofika, aliyeweza kuyarudisha maneno yale kama yalivyokuwa ndiye aliyepata alama nzuri. Simlaumu hata kidogo. Vitabu vilikuwa vitatu kwa darasa zima la vijana arobaini, na ubao ule ndio uliokuwa kitabu chetu. Nami nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Mwaka 1985 nilipopata udhamini wa kwenda Uingereza kwa shahada ya pili, nilipanda ndege nikiamini kabisa kuwa kuandika nakujua.

Insha ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya maneno 3,000, na muda wake majuma manne. Swali lenyewe lilihusu nchi yangu! Liliuliza kwa kiasi gani matatizo ya kilimo cha Tanzania katika miaka ya 1970 yalisababishwa na sera ya vijiji. Wenzangu wa Malaysia na Ugiriki walinionea wivu. Siku ile ile nikaingia maktaba, nikachukua vitabu sita, nikaanza kunakili. Baada ya majuma mawili daftari lilikuwa limejaa. Juma la tatu nikaketi kuandika kama nilivyofundishwa: utangulizi wenye maana ya neno kijiji, kisha sentensi ile ya "The following are the reasons", kisha hoja sita, kila moja na kichwa chake kilichopigiwa mstari, kisha hitimisho la kurudia hoja zile zile sita. Naona vijana mnacheka. Kumbe hata leo mnaandika hivyo hivyo.

Baada ya siku kumi mhadhiri akaniita ofisini kwake. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, hana makelele. Insha yangu ilikuwa mezani, na kurasa za pili na za tatu zilikuwa na mstari mwekundu pembeni, kutoka juu mpaka chini. Kando yake palikuwa na kitabu kimefunguliwa. Hakusema neno. Alikisogeza kitabu karibu na insha, akaniacha nisome. Aya tano zilikuwa zile zile, neno kwa neno, wala sikuwa nimeweka alama za kunukuu wala jina la mwandishi.

Nawaambieni kweli, sikujua kuwa nimeiba. Katika daftari langu maneno ya vitabu na maneno yangu yalikuwa mwandiko mmoja na wino mmoja, na nilipokuja kuandika sikuweza tena kutambua yapi ya nani. Tena nilidhani kumrudia mwanachuoni kama alivyosema ni kumpa heshima yake. Kule jina la jambo hilo ni moja tu, na adhabu yake ilikuwa kufikishwa mbele ya kamati, na kamati ikikukuta na hatia, wadhamini wako wanaandikiwa barua. Nikamfikiria baba yangu, ambaye alikwisha kuwatangazia watu wa kata nzima kuwa mwanawe yuko Ulaya.

Yule mama akaniuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma majuma mawili na nimeandika kurasa kumi, na sikuwa na jibu.

Akaniuliza tena, "Mwaka 1974 ulikuwa wapi?" Nikamweleza kuwa nilikuwa kidato cha pili, nimerudi nyumbani likizo, nikakuta paa la nyumba yetu limeezuliwa na baba ameambiwa ahamie kando ya barabara. Shamba letu la mahindi likabaki mwendo wa saa mbili kwa miguu, na waliovuna humo ni nyani na nguruwe. Lakini nikamweleza pia kuwa msimu ule mvua ilikuwa haba, na hata jamaa zetu wa upande wa pili wa mto, ambao walikuwa bado hawajahamishwa, hawakupata kitu. Akaweka kalamu chini. "Haya yako wapi katika insha yako?" Nikamjibu kwa unyenyekevu kuwa hayamo kitabuni.

Hapo ndipo aliponifundisha. Alisema kuwa baba yangu si ushahidi wa nchi nzima, na nisije nikamtaja katika insha kana kwamba ni takwimu. Lakini baba yangu alikuwa amenipa swali: kilichotuangusha ni uhamisho au ni ukame? Kama ningaliingia maktaba na swali hilo mkononi, vitabu vile sita ningalivisoma kwa namna nyingine kabisa, na nisingalikuwa na haja ya kunakili, kwa maana ningalikuwa natafuta kitu. Akanipa majuma mawili niandike upya, kwa masharti kwamba nitapata alama ya kufaulu tu, hata nikiandika kama malaika. Kamati hakunipeleka, kwa kuwa ilikuwa insha ya kwanza. Ya pili angenipeleka, na alinieleza hivyo waziwazi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Tangu nilipostaafu nimesoma insha nyingi za vijana wetu wanaokwenda vyuo vya nje, na naona kuwa Kiingereza chao ndicho wanachokiogopa, kumbe shida iko nyuma ya Kiingereza.

Anza na swali. Liandike kwenye karatasi peke yake, ulibandike mbele ya meza. Litazame tendo lake. Ukiambiwa "Describe", unaelezwa ueleze kitu kilivyo. Ukiambiwa "Discuss", wengi hudhani ni kuzungumza tu juu ya jambo, kumbe unatakiwa upime pande zake na useme upande gani una nguvu zaidi na kwa nini. Ukiambiwa "To what extent", jibu linalotakiwa ni kipimo: sana, kidogo, kwa sehemu fulani tu na si kwa nyingine. Mimi niliulizwa kipimo nikatoa orodha. Hoja zangu sita zote zingeweza kuwa za kweli na bado swali likabaki halijajibiwa. Tazama pia mipaka: swali langu lilisema miaka ya 1970, nami nilikuwa nimepoteza kurasa mbili kwa Wajerumani na pamba.

Halafu, kabla ya kufungua kitabu chochote, andika nusu ukurasa wa yale unayoyajua na yale usiyoyajua. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Mimi huwaambia vijana waandike kwa Kiswahili, na wengine hunishangaa, wakidhani ni kurudi nyuma. Lakini mtu anayefikiri kwa lugha asiyoimudu hufikiri mawazo madogo yanayotosha maneno aliyo nayo. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 mpaka akapata M.A. yake mwaka 1952, na Kiingereza chake kila mtu anakijua. Hata hivyo ndiye aliyeketi akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili akiwa Rais. Lugha mbili zinaweza kukaa kichwani mwa mtu mmoja bila kugombana. Mweleze mwenzako hoja yako kwa Kiswahili mkiwa mnatembea. Akikuelewa, basi hoja unayo, na lililobaki ni kazi ya Kiingereza. Asipokuelewa, Kiingereza hakitakuokoa.

Kuhusu kusoma, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoangukia. Nilikwenda dukani nikanunua daftari jipya, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto niliandika maneno ya mwandishi, yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake jina lake, mwaka wa kitabu na ukurasa. Upande wa kulia niliandika yangu: nakubali, sikubali, huyu anapingana na yule, hili halikuwa hivyo kwetu, hili nilitafute. Siku za mwanzo upande wa kulia ulikuwa mweupe kama theluji ya nje. Nikajiwekea sheria kuwa sitageuza ukurasa wa daftari kabla upande huo haujapata japo mistari mitatu. Na nilipotaka kueleza wazo la mtu kwa maneno yangu, nilikifunga kitabu, nikakiweka sakafuni, nikaandika kama ninayemsimulia mdogo wangu. Ukiwa umekifungua mbele yako utabadili neno hapa na neno pale, na huko bado ni kunakili, ila umevisha nguo ya mwenyewe shati jingine. Kumbukeni pia kuwa hata ukilisema wazo la mtu kwa maneno yako mwenyewe, wazo bado ni lake, na jina lake lazima liwepo.

Acheni niwaonyeshe jinsi vitabu vile vile vilivyogeuka. Nilijua sasa kuwa mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba mpaka mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia. Hilo lilikuwa upande mmoja wa mizani. Upande wa pili niliweka ukame wa 1973 na 1974, na bei ya mafuta iliyopanda ghafula mwishoni mwa 1973, nchi ikalazimika kuagiza nafaka kutoka nje wakati ambapo fedha za kigeni zilikuwa zinakwisha. Mambo haya yote yalitokea kwa wakati mmoja, na kazi yangu ikawa kuyatenganisha. Nilimsoma pia Göran Hyden, Msweden aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1980 alidai kuwa mkulima mdogo wa Tanzania alikuwa bado hajatekwa na dola, kwa sababu aliweza kujitegemea na ndugu zake na kuiacha serikali ikiita. Mara ya kwanza ningalinakili dai hilo na kwenda zangu. Mara hii niliandika upande wa kulia: "Mtu aliyeezuliwa paa, je, hajatekwa?" Swali hilo moja lilizaa kurasa mbili za insha.

Nilipofika hapo nikaweza kusema jibu langu kwa pumzi moja: kwamba uhamisho haukuleta ukame, lakini uliongeza hasara yake kwa kuwaweka watu mbali na mashamba yao katika msimu mbaya kuliko yote. Kama huwezi kulisema jibu lako kwa pumzi moja, usianze kuandika, rudi usome.

Jibu hilo liweke wapi? Liweke mlangoni. Kwetu sisi mgeni mwenye adabu hasemi shida yake mpaka ameulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mvua, na anayeingia na kusema moja kwa moja huonekana kama mtu aliyefiwa. Insha ya Kiingereza haina habari za nyumbani. Msomaji wake anataka katika aya ya kwanza ajue unakwenda kusema nini, na akifika ukurasa wa tatu bila kujua, anakasirika. Mmarekani mmoja aitwaye Robert Kaplan aliandika makala mwaka 1966 akichora mistari kuonyesha jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo. Waingereza aliwachorea mstari ulionyooka, na watu wa Mashariki mzunguko kama wa konokono. Wengi walimpinga baadaye, na nadhani kwa haki, kwani hata Waingereza nimewaona wakizunguka. Sisi Waafrika hatukupewa mchoro wetu. Lakini mkitaka kupata alama, ule mstari ulionyooka msiudharau.

Jambo jingine ni ukimya wetu. Tumelelewa tusimuulize mkubwa maswali mengi. Wahadhiri wa kule hubandika mlangoni saa za kuonana na wanafunzi, na mgeni wetu hupita mbele ya mlango ule mwaka mzima kwa heshima zake zote, hali wenyewe wanadhani haji kwa kuwa ameelewa. Nendeni. Pelekeni ukurasa mmoja wenye jibu lenu na hoja tatu, mkaulize kama njia ni hiyo. Ulizeni pia idara yenu inataka marejeo kwa mtindo gani, maana wengine hutaka jina na mwaka ndani ya mabano, na wengine hutaka maelezo chini ya ukurasa, na hakuna anayekusamehe kwa kuchanganya.

Makosa ya Kiingereza yenyewe nitayapita haraka. Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo someni rasimu mara moja kwa ajili ya hilo peke yake, msije mkamgeuza profesa wa kike kuwa mwanamume katikati ya aya. Yale maneno madogo "a" na "the" yatawasumbua mpaka kufa. Mimi bado yananisumbua. Mpeni mtu asome, lakini asahihishe lugha, asiwaandikie.

Kuna kitu vijana mmeniuliza kabla ya kuingia humu, juu ya mtihani wa IELTS. Huo ulianza mwaka 1989, baada ya zama zangu. Insha yake kubwa haipungui maneno 250, na inashauriwa uiandike kwa dakika 40, bila kitabu chochote. Jifunzeni kuifanya, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango. Ila msiibebe mpaka ndani. Nimeona vijana waliopata alama nzuri kwa kukariri sentensi za kuanzia na za kumalizia, wakafika chuoni wakazimwaga sentensi zile zile kwenye insha ya maneno 3,000. Ni kama kwenda shambani na kiatu cha harusi.

Na hizi mashine za kuandika, zilizoenea tangu mwishoni mwa 2022, najua mnazo mifukoni. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea insha safi sana, Kiingereza chake hakina doa. Nikamwomba tutafute pamoja vitabu alivyovitaja. Vitano tulivipata, viwili havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Mashine ilivibuni, na majina ya waandishi na miaka juu yake. Nikamuuliza lile swali nililoulizwa mimi. Alinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, ila yeye hakuwa hata na daftari. Vyuo vinatofautiana katika kuruhusu mashine hizo, kwa hiyo someni kanuni za chuo chenu kabla ya kuzigusa. Kuhusu wale wanaouza insha, kule England sheria ya mwaka 2022 imefanya kuwa kosa kuwauzia wanafunzi kazi hiyo au hata kuitangaza, na mwanafunzi anayenunua atakutana na kamati ile ile niliyoponea chupuchupu.

Katibu ananionyesha saa, nami nilimwahidi kuwa chai haitapoa. Nimekuja na bahasha hii. Ndani yake mna insha zangu mbili za mwaka 1985, ile ya kwanza yenye wino mwekundu na ile ya pili, pamoja na daftari lenye mstari katikati. Mkuu wa Shule amekubali zikae maktaba, kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Mnaruhusiwa kuzisoma na kuzicheka. Katika ile ya kwanza, kurasa ya pili na ya tatu si zangu. Jina la mwenyewe nimeliandika pembeni kwa penseli, miaka mingi nimechelewa.